Madaftari ya Kibera na Kawangware

Taarikh ya Kibera ilianza katika karatasi kabla ya kuanza katika udongo. Askari Wanubi, ambao asili yao ni Sudan na ambao Waingereza waliwaandika katika jeshi la King's African Rifles, walipomaliza utumishi wao walipewa kukaa msituni, upande wa kusini-magharibi wa mji mchanga wa Nairobi, na kufikia mwaka 1912 idhini ya kukaa huko ilikuwa ikiandikwa katika cheti kilichotolewa na jeshi, kisha mwaka 1918 serikali ikatangaza rasmi kwamba ekari 4,197 za mahali hapo ni ardhi ya askari. Cheti kile hakikuwa hati ya milki. Aliyekishika aliweza kulima, kujenga na kuzika wazazi wake, lakini jina lake halikuingia katika rejista ya ardhi. Na jeshi lilipoukabidhi utawala wa mahali hapo kwa serikali ya kiraia mwaka 1928, wazee wale na watoto wao wakahesabiwa kuwa wapangaji wakaao kwa hisani ya Taji, ambao huweza kuondolewa wakati wowote itakapopendeza.

Katika miaka hiyo hiyo daftari jingine lilikuwa likiandikwa kwa nguvu kubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1915, ambayo Vita Kuu vilichelewesha utekelezaji wake hadi 1919 na 1920, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 achukue kipande, nacho kilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la bwana wake na ujira aliolipwa, ikitiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Na kumbukumbu za habari hizo zilibaki Nairobi katika ofisi ya msajili, ili aliyetoroka kazini apate kutafutwa kwa jina na kwa kidole. Ilikuwa hifadhidata kamili, yenye ufunguo wake na fahirisi yake, ila iliendeshwa na makarani na makabati, na aliyeandikwa ndani yake hakuwa na kauli juu ya kilichoandikwa.

Kawangware ilikuwa na mwendo mwingine. Mahali hapo palikuwa ndani ya Dagoretti, katika ardhi waliyotengewa Wakikuyu, nje ya mipaka ya mji. Na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza, katikati ya hali ya hatari, kuyakusanya mashamba yaliyotawanyika na kuyagawa upya kwa wenye hati, ardhi za Wakikuyu zikaingia katika rejista kwa majina ya watu binafsi. Dagoretti ilipotiwa ndani ya Nairobi wakati wa uhuru, wenye mashamba waliingia mjini na hati zao mkononi, wakajenga safu za vyumba vya mbao na mabati kwa ajili ya wageni waliokuja kutafuta kazi. Hivyo mitaa hii miwili, ambayo mpita njia huiona kuwa ina sura moja ya umaskini, ilitofautiana katika jambo lisiloonekana kwa macho: ardhi ya Kawangware ilikuwa na wenyewe waliojulikana daftarini, na ardhi ya Kibera, machoni mwa sheria, ilikuwa ya serikali tu.

Nimeanza mbali kwa makusudi, kwa kuwa msomaji asiyeujua mwanzo huu hataelewa kwa nini habari ya programu za kuhifadhi data, ambayo mahali pengine ni habari ya mafundi peke yao, katika mitaa hii imekuwa habari ya haki. Kwa muda wa karne moja watu wa Kibera na Kawangware waliandikwa na wengine, wakahesabiwa na wengine na kuchorwa, au kutochorwa, na wengine. Zana za kuandika daftari kubwa ziliposhuka bei hadi zikawa za bure, kalamu ilianza kupita katika mikono mingine. Na upitaji huo ndio ninaotaka kuusimulia.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yenye kurasa chache iliyobadilisha kazi ya kuhifadhi habari ulimwenguni kote. Kabla yake, mtu aliyetaka habari kutoka katika kompyuta ilimlazimu kujua habari hiyo imelazwa wapi na njia ipi ifuatwe ili kuifikia. Codd alisema kwamba habari zote na ziwekwe katika majedwali, kila safu iwe na ufunguo wake, na mwenye kuuliza aseme anachokitaka tu, huku mashine ikijitafutia njia. Mfano wake upo kila mtaa wa Kawangware. Mwenye ploti ana vyumba, ana wapangaji, ana malipo ya kodi. Akiandika yote katika daftari moja, jina la mpangaji litarudiwa kila mwezi, na siku atakapohama chumba au kubadili nambari ya simu patatakiwa kusahihishwa mahali kumi, na pa kumi na moja patasahaulika. Katika mpangilio wa Codd vyumba vina jedwali lao, wapangaji lao, malipo lao; jina la mtu huandikwa mara moja tu, na malipo huonyesha ufunguo wa mtu yule na wa chumba kile. Ndipo swali la kuwa ni nani hajalipa kodi ya miezi miwili huulizwa kwa sentensi moja na kujibiwa kwa kufumba na kufumbua, hata kama vyumba ni laki moja.

Wazo hilo lilipata watengenezaji wengi, na wengi wao waliliuza kwa thamani ambayo hakuna kikundi cha vijana wa Nairobi ambacho kingeweza kuilipa, kwa maana leseni za makampuni makubwa zilihesabiwa kwa maelfu mengi ya dola kwa kila kompyuta. Lakini katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Profesa Michael Stonebraker na wanafunzi wake walijenga Ingres katika miaka ya sabini, kisha mwaka 1986 wakaanza kazi mpya waliyoiita Postgres, ambayo baada ya kupita katika mikono ya wafanyakazi wa kujitolea waliotawanyika duniani ilipata mwaka 1996 jina la PostgreSQL. Na huko Sweden, mwaka 1995, Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson walianzisha MySQL, nyepesi na rahisi kusimikwa. Zote mbili zilitolewa pamoja na msimbo wake, kila mtu aone zilivyofumwa na azichukue bila kulipa. Sidhani kwamba mabwana hawa walikuwa na habari ya Laini Saba ya Kibera wala ya Riruta ya Kawangware, lakini walichokitoa kilifika huko.

Kilifika kwa njia ya msiba. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipomalizika, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zilizuka katika sehemu nyingi za Kenya, na Kibera na Kawangware zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia mapema; reli iendayo Uganda, ambayo hupita katikati ya Kibera, iling'olewa na umati uliokuwa na hasira. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliokufa nchini kote. Lakini katika siku zile za Januari hapakuwa na hesabu iliyoaminika, kwa kuwa serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja na kila mtaa ulijua habari za mtaa wake tu. Mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni akitaka mafundi wajitokeze watengeneze ramani ambayo juu yake raia wataweza kutia habari za mauaji, za uporaji na za waliohamishwa kwa nguvu. Na kwa muda wa siku chache yeye, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaifungua, wakaiita Ushahidi.

Toleo lililoandikwa upya baadaye, ambalo lilitolewa kuwa programu huria, lilitumia lugha ya PHP na kuhifadhi habari zake katika MySQL, na mtu akiyafunua majedwali yake huona fikra za watu waliokwisha kupita motoni. Matukio yana jedwali lao; mahali pana jedwali lake, ili matukio mengi ya kituo kimoja yasiandike jina la kituo mara nyingi; namna za matukio zina jedwali la tatu, na kwa kuwa tukio moja huweza kuwa uporaji na pia moto, liko jedwali la kati linaloyaoanisha. Na katika kila tukio pana nafasi ya kuonyesha iwapo habari imethibitishwa au bado. Nafasi hiyo moja naiona kuwa tunu ya kazi nzima. Karani wa kipande aliandika na neno lake likawa kweli. Hapa neno la raia lilipokelewa, likawekwa, lakini lilibaki na alama ya kungoja mpaka mtu mwingine alishuhudie.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince, Patrick Meier, aliyekuwa Boston, alishirikiana na Kobia kufungua ramani ya Haiti kwa programu ile ile iliyozaliwa Nairobi, na ujumbe wa simu kutoka vifusini ukamiminika mchana na usiku, ukifasiriwa na Wahaiti walioko ughaibuni. Hapo ndipo mtu hufahamu nini maana ya kukua kwa hifadhidata. Jedwali lenye safu mia husomwa lote bila taabu. Likifika safu laki na maulizo yakija kwa mamia kila dakika, mashine inayolisoma lote kwa kila ulizo hulemewa na kuzimia. Msimamizi basi huweka fahirisi katika safu wima zinazoulizwa mara nyingi, kama tarehe na mahali, ili mashine iruke hadi panapohusika; huhifadhi majibu yaliyokwisha kutolewa ili yasitafutwe upya; na haja ikizidi, husimika seva nyingine zinazopokea nakala ya kila badiliko, wasomaji wakaelekezwa huko na seva kuu ikaachiwa kazi ya kuandika. Mpangilio huu ni elimu ya vyuo, lakini waliojifunza Nairobi walijifunza mbele ya watu waliokuwa wakingoja msaada.

Katika siku hizo hizo MySQL yenyewe ilikuwa imeingia shakani. Kampuni ya Sun ilitangaza Januari 2008 kuinunua kwa dola bilioni moja, na miaka miwili baadaye Sun yenyewe ikamezwa na Oracle, muuzaji mkubwa wa hifadhidata za kulipia. Widenius alichukua msimbo aliouandika mwenyewe, ambao kwa leseni yake ulikuwa huru, akaanzisha tawi jingine aliloliita MariaDB. Wengi wa waliokuwa wakitumia MySQL katika Nairobi hawakuhisi mtikisiko wowote, na hiyo ndiyo faida ya kitu huria: mwenye mali akibadilika, mali haiondoki na mwenyewe.

Mwaka 2009 mambo matatu yalikutana. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kwa njia ya bahari, na Kenya, iliyokuwa ikizungumza na ulimwengu kupitia setilaiti kwa gharama kubwa, ikapata njia pana. Usiku wa tarehe 24 Agosti ilianza sensa, ambayo matokeo yake yalisema Kibera ina watu 170,070, ilhali kwa miaka mingi wageni na mashirika walikuwa wakitaja milioni moja na zaidi; nani aliyekuwa na haki katika hesabu ile ni mjadala ambao ulidumu, na hata ambaye hakukubali idadi ya serikali hakuwa na daftari lake la kuipinga. Na ilipofika miezi ya mwisho ya mwaka, Erica Hagen na Mikel Maron wakaja Kibera, wakaungana na vijana wa vijiji vya humo kuanzisha Map Kibera.

Kabla yao, Kibera katika ramani ilikuwa doa tupu. Ramani rasmi ziliendelea kuonyesha msitu mahali ambapo palikuwa na maelfu ya paa za mabati, kana kwamba askari Wanubi ndio kwanza wamewasili. Vijana, kila mmoja akitoka katika kijiji chake, wakiwemo wa Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Makina, Mashimoni, Lindi na Silanga, walipita vichochoroni na vifaa vidogo vya kupokea majira ya setilaiti, wakitia alama kila zahanati, kila bomba la maji, kila choo cha kulipia, kila shule, kanisa na msikiti. Kisha jioni wakakaa mbele ya kompyuta kuhamisha alama zile katika OpenStreetMap, ramani ya ulimwengu iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu huweza kuiandika na kila mtu huweza kuichukua.

Hapa inanilazimu kutua kidogo, kwa kuwa kazi ya vijana wale ilibebwa na badiliko lililofanyika miezi michache tu kabla yao na ambalo halikutajwa katika magazeti. Aprili 2009 OpenStreetMap ilihama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, pamoja na kanuni mpya za uandishi. Tangu hapo kila nukta na kila njia ikawa na nambari ya toleo lake. Kijana wa Lindi akiichukua njia katika toleo la tatu ili aisahihishe, na mwenzake wa Mashimoni akamtangulia kuirudisha ikiwa toleo la nne, hifadhidata humkatalia wa kwanza na kumwambia atazame upya, badala ya kuifuta kazi ya mwenzake kimyakimya. Na mabadiliko yaliyotumwa kwa mkupuo mmoja huingia yote au hayaingii hata moja, muamala uliotimia au usiokuwapo. Fauka ya hayo, PostgreSQL ina desturi ya kuandika kila kusudio katika kumbukumbu ya awali kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, hivyo seva ikikatikiwa na umeme katikati ya kazi, ikiwaka tena huisoma kumbukumbu ile na kukamilisha lililothibitishwa. Seva za ramani hiyo zilikuwa mbali na Kibera. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi Nairobi kwa stima ya kukatika-katika ataelewa kwa nini msimamizi wa huko anapochagua programu ya kusimika katika ofisi yake huuliza swali hilo la umeme kwanza.

Baada ya ramani ilikuja Voice of Kibera, ambayo ilitumia programu ya Ushahidi kukusanya habari za mtaa kwa ujumbe wa simu, na katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013 watu wa Kibera walitoa wenyewe taarifa za vituo vyao. Kuanzisha kulikuwa na furaha. Kutunza kulikuwa na jasho. Choo hufungwa, bomba hukauka, shule huhama, na ramani isiyosahihishwa hugeuka kuwa uongo wenye sura ya ithibati. Programu nayo hutaka kusasishwa, nakala za akiba kuchukuliwa na, jambo ambalo wengi hulisahau, kujaribiwa kurejeshwa, kwa kuwa nakala ambayo haijapata kurejeshwa haijulikani kama ni nakala. Wafadhili hupenda kugharimia siku ya uzinduzi. Mshahara wa anayeamka usiku kutazama kama diski imejaa hauna picha ya kupendeza, na kwa maoni yangu madaftari mengi mema ya mitaa yetu yamekufa kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Serikali yenyewe ilikuwa imeingia njia hiyo hiyo. Mwaka 2011 wizara zilizosimamia afya zilisambaza nchi nzima mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake wengi wa nchi za kusini, nao huweka habari zake katika PostgreSQL; Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuuendesha wote kwa intaneti, kutoka seva moja ya taifa. Kituo cha afya cha Riruta, kilichoko Kawangware, na zahanati za Kibera hujaza fomu za kila mwezi, na takwimu zake huingizwa katika mfumo. Safu huongezeka bila kikomo, kwa maana kila ugonjwa, kila kituo na kila mwezi ni safu mpya. Ndiyo sababu mfumo haujibu maswali ya wakubwa kutoka katika jedwali la asili; mara nyingi usiku, watu wakiwa wamelala, hujenga majedwali mengine ya majumlisho, na asubuhi waziri na muuguzi husoma hayo. Mfumo ambao haukupangwa hivyo ungekwama mwaka wa pili.

Sasa niseme juu ya wanaojifunza. Barabara ya Ngong hupita baina ya Kibera na Kawangware, na mwezi Machi 2010 kando ya barabara hiyo, katika jengo la Bishop Magua, ilifunguliwa iHub, ukumbi wa mafundi wa kompyuta, ambapo kijana aliyeshuka kutoka Kawangware kwa matatu aliweza kukaa meza moja na aliyetoka chuo kikuu. Mwaka huo huo wanawake waliokuwa humo walianzisha AkiraChix, wakafundisha kozi kwa wasichana wa jamaa zisizo na uwezo, programu, usanifu na hifadhidata pamoja. Na mmoja wa waanzilishi, Angela Oduor Lungati, alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi. Mwaka 2014 ikaja Moringa School, shule ya kufundisha programu. Ndani ya Kibera kwenyewe, Taasisi ya Tunapanda ilifundisha vijana bila ada kubwa, kisha ikatandaza TunapandaNET, mtandao wa jamii wa mawimbi ya redio kutoka paa hadi paa, ili shule zipate masomo yaliyohifadhiwa karibu bila kununua data kila siku.

Lugha ya kuiulizia hifadhidata ni nyepesi kuanza. Mwanafunzi aliyezoea kuandika daftari la duka au kitabu cha wakala wa M-Pesa, chenye tarehe, jina, nambari na kiasi, huiona mara moja maana ya jedwali, na siku ya pili huandika ulizo lake la kwanza. Ugumu huja baadaye, na ndipo walimu hupimwa: kuuliza mashine iseme kwa njia gani itatafuta jibu, na kuzisoma hatua zake mpaka ionekane ni wapi inapita jedwali zima bila sababu, kujua nani apewe ruhusa ya kusoma na nani ya kuandika, kujizuia kuweka fahirisi kila mahali, maadamu kila fahirisi huchelewesha uandishi. Hayo hayafundishiki kwa somo moja. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, na mwanafunzi wa Kibera huvisoma kwa lugha yake ya tatu au ya nne. Lakini mwongozo wa PostgreSQL, ambao ni bure kama programu yenyewe, huweza kusomwa wote bila intaneti ukishachukuliwa mara moja, na nimesikia ukisifiwa kwa haki kuwa mwalimu asiyechoka.

Mwaka 2017 neno la mafundi likawa neno la sokoni. Upinzani ulipodai kwamba matokeo ya uchaguzi wa Agosti yamechezewa, wito wa kufungua seva ulienea vibandani na katika matatu, na Mahakama ya Juu, iliyoamuru tume ya uchaguzi itoe nafasi ya kuzikagua, iliufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, na katika sababu zake ikaitaja tume kuwa haikuitii amri ile ipasavyo. Uchaguzi wa marudio ulifanyika tarehe 26 Oktoba, na mara baada yake Kawangware ilishuhudia nyumba na vibanda vikichomwa, jirani akimkimbia jirani. Sisemi kwamba hifadhidata iliyo wazi ingeuzima moto huo. Lakini watu walichokuwa wakikidai, waliosoma na wasiosoma, kilikuwa ni kuiona kumbukumbu ya nani aliandika nini na saa ngapi, jambo ambalo vijana wa Map Kibera walikuwa nalo katika kila nukta ya ramani yao.

Na umuhimu wa kumbukumbu hiyo ulionekana tena Julai 2018, mashine za kubomoa zilipoingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha ya Ngong na ya Lang'ata. Nyumba ziliangushwa na shule pamoja nazo, na maelfu ya watu wakabaki bila paa. Katika OpenStreetMap kitu kinachofutwa hakipotei: hutiwa alama kwamba hakipo tena, na matoleo yake ya nyuma hubaki, pamoja na jina, mahali na tarehe ya kuandikwa. Jengo ambalo kijana alilitia alama kabla ya tingatinga kufika laweza kuulizwa hadi leo. Cheti cha askari wa mwaka 1912 hakikuwa na uwezo huo, na ilichukua zaidi ya miaka mia moja, hadi Juni 2017, kabla Rais Uhuru Kenyatta hajawakabidhi Wanubi hati ya ekari 288, zilizobaki katika zile 4,197.

Hati ya ardhi ikawa imepatikana, na mashaka ya kitambulisho yakaendelea, kwa kuwa kijana wa Kinubi aliyezaliwa Kibera alitakiwa kupita mbele ya kamati ya kumchuja kabla hajaandikwa kuwa Mkenya. Kwa hiyo mapema mwaka 2019 serikali ilipotangaza kwamba kila mtu aliye Kenya ataandikwa katika hifadhidata moja ya taifa na kupewa Huduma Namba, na sheria ikataja hata chembe za urithi na majira ya mahali mtu akaapo, waliokwenda mahakamani kwanza kabisa walikuwa pamoja na Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka Kibera: kama asiye na kitambulisho hawezi kuandikwa, na asiyeandikwa hawezi kupata huduma, basi daftari jipya litaufanya ubaguzi wa zamani kuwa wa kudumu. Mbele ya majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir mashahidi wa ufundi walijadili usanifu wa hifadhidata, hatari ya kukusanya kila kitu mahali pamoja, na uzoefu wa India katika daftari kama hilo. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama ilikataza ukusanyaji wa chembe za urithi na wa majira ya makazi, na ikasema mfumo hauwezi kuendelea mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda na kuzuia watu wasiachwe nje. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliubatilisha utoaji wa kadi zake, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha ambayo sheria iliitaka.

Sheria hiyo ni ile ya Kulinda Data ya Novemba 2019, na Kamishna wake wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka uliofuata. Tangu Julai 2022 wenye kuhifadhi habari za watu hutakiwa kujisajili katika ofisi yake. Biashara ndogo zimesamehewa, isipokuwa zile zilizo katika kazi zilizotajwa kwa jina, zikiwemo matibabu, elimu na usimamizi wa nyumba. Hivyo zahanati ya Makina, shule ya Gatwekera, na mwenye ploti wa Kawangware aliyehamisha wapangaji wake kutoka katika kitabu cha mistari kwenda katika MariaDB, wote sasa hutakiwa kusema wanaandika nini, kwa sababu gani, na ni nani mwenye ruhusa ya kusoma. Na mpangaji akitaka kuiona safu yake, sheria inampa haki ya kuonyeshwa na kuisahihisha.